Waya Mrefu wa Picha: Historia Fupi, Kutoka Simu ya Karonga hadi Nyumba za Ngana

Agosti 1914 meli ndogo ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka Ziwa Nyasa hadi Sphinxhaven, bandari ambayo leo ni Liuli, ikaikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mzinga ulipolia, nahodha wa Kijerumani, Berndt, alishangaa kuliko kuogopa. Aliyempiga ni Rhoades, nahodha wa Gwendolen na rafiki yake wa siku zote za ziwani. Vita vilikuwa vimekwisha kutangazwa Ulaya. Rhoades alijua, Berndt hakujua. Upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, habari ilikuwa imepita kwenye waya wa simu ya telegrafu. Upande wa pili wa ziwa haikuwa imefika. Mwezi uliofuata askari wa Kijerumani kutoka upande wa Tukuyu walivuka mto Songwe kuushambulia mji wa Karonga upande wa Nyasaland, wakarudishwa kwa hasara kubwa. Kwa hiyo swali la waya mrefu si geni kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Leo limeingia majumbani. Mtu wa Ngana, wilayani Kyela, mwenye king'amuzi sebuleni na televisheni ya pili kwenye banda la uani, mita 30 au 40 kupita migomba, anauliza lile lile lililoulizwa na watu wa simu: ujumbe utafikaje upande wa pili bila kuharibikia njiani? Dukani ataambiwa anunue waya mnene zaidi, wa bei zaidi. Historia inajibu vingine. Umbali umeshindwa mara zote kwa kubadili namna ujumbe unavyosafiri, kwa kuutia nguvu njiani, au kwa kukisogeza kifaa. Unene wa waya umekuwa msaidizi tu.

Tuanze na simu ya nukta na vistari. Samuel Morse alipofungua laini yake kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, ufundi wake ulikuwa na kifaa kimoja ambacho wengi hawakitaji: swichi ya sumaku iliyoamshwa na umeme dhaifu uliofika kwa uchovu, nayo ikafungulia umeme mpya, wenye nguvu, uendelee na safari. Ujumbe ulizaliwa upya kila kituo. Bila kifaa hicho simu isingevuka nchi, hata waya ungekuwa mnene kiasi gani. Chini ya bahari hapakuwa na vituo, na hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea. Waya wa kwanza wa kuvuka Atlantiki ulianza kazi Agosti 1858. Wildman Whitehouse, aliyeusimamia kwa upande wa umeme, aliona ujumbe unafika hafifu, akaongeza nguvu hadi volti zipatazo 2000. Waya ukafa baada ya wiki chache. William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alikuwa ameshauri kinyume: umeme mdogo, na upande wa pili chombo chenye kuhisi hata mtikisiko mdogo kabisa. Msomaji makini atapinga hapa kwamba waya uliofaulu mwaka 1866 ulikuwa na shaba nene kuliko ule wa 1858. Ni kweli, na Thomson mwenyewe aliutaka unene huo. Lakini aliutaka pamoja na shaba safi na kipokezi chepesi cha kuhisi, baada ya kuelewa ni nini hasa kilichokuwa kinauharibu ujumbe. Whitehouse naye aliongeza nguvu bila kujua ugonjwa. Ni sawa na kununua waya wa bei kubwa bila kuuliza kwanza picha inapotelea wapi.

Ufundi huo ulifika pwani yetu mapema. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden uliiunganisha Zanzibar na dunia, ukaendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Upande wa bara, Cecil Rhodes alianzisha mwaka 1892 kampuni ya simu iliyokusudia kuunganisha Rasi ya Afrika Kusini na Misri. Nguzo zake zilifika Blantyre katikati ya miaka ya 1890, zikapanda na ufuo wa magharibi wa ziwa hadi Karonga, kisha zikaelekea Ziwa Tanganyika na kuishia Ujiji. Cairo hazikufika kamwe. Hata hivyo kipande kile cha Karonga kiliweka kanuni ambayo bado inafanya kazi upande huu: mwenye waya uliopangwa kwa vituo hupata habari, na aliye nje yake hata awe ng'ambo ya maji tu hubaki gizani. Berndt hakuwa mbali na habari kwa maili, alikuwa mbali nayo kwa njia.

Picha ilileta taabu ambayo simu haikuwa nayo. Nukta na vistari vinahitaji mabadiliko machache ya umeme kwa sekunde. Picha inayotembea inahitaji mamilioni. Na kadiri mabadiliko yanavyokuwa mengi ndivyo waya wa kawaida unavyoyameza na kuyatawanya hewani kama antena. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyesoma umeme peke yake nje ya vyuo, alipata hataza mwaka 1880 ya waya ulio ndani ya mwingine: uzi mmoja katikati, kihami kuuzunguka, kisha ganda la metali juu yake. Mwaka 1929 Lloyd Espenschied na Herman Affel, wahandisi wa simu wa Marekani, waliomba hataza ya kuutumia waya wa namna hiyo kubeba masafa mapana, televisheni ikiwemo. Ndio waya ambao leo Kyela nzima unaitwa waya wa dishi. Machi 1936 Wajerumani waliutumia kuwaunganisha wapiga simu wa Berlin na Leipzig wakaonana sura, umbali wa zaidi ya kilomita 150. Hawakufanya hivyo kwa waya mnene mfululizo. Waliweka vikuza nguvu njiani, ujumbe ukipandishwa kila unapoanza kuzama. Tangu siku hiyo hakuna aliyesafirisha picha mbali kwa namna nyingine: ama kuna kituo cha kuitia nguvu, ama picha imegeuzwa umbo linalostahimili safari.

Kando za mto Songwe televisheni ilichelewa kuliko karibu kila mahali. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994, ITV ilipokuwa miongoni mwa vya kwanza. Ng'ambo ya mto, Malawi ya Kamuzu Banda haikuruhusu televisheni, na kituo chake cha taifa kilifunguliwa mwaka 1999. Kwa hiyo huku picha haikuanza na antena, ilianza na deki. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, deki za mikanda ya VHS zilianza kuenea nchini, na baada yake mabanda ya video. Deki hizo zilikuwa na matundu mawili nyuma ambayo yanafaa kutazamwa kwa karibu. Moja lilitoa picha tupu kwa kichomeo cha njano. La pili liligeuza picha kuwa mawimbi ya chaneli, kana kwamba deki ni kituo kidogo cha kurusha matangazo, na likayatoa kwa waya wa antena. Fundi aliyetaka kuipeleka picha kwenye televisheni ya chumba cha mbali alitumia tundu la pili, akavuta waya wa antena makumi ya mita, akaweka busta pale picha ilipofifia. Bila kuitaja kanuni, alikuwa anaifuata: picha iligeuzwa umbo la safari, ikatiwa nguvu njiani, ikarudishwa kuwa picha ndani ya televisheni. Palipokuwa na kasoro, alizijua kwa macho. Chenga chache, waya umeanza kuzidi urefu. Chenga nyingi, koneksheni imelegea. Picha ilimwonya kabla ya kukata.

Onyo hilo liliondoka na dijitali. Tanzania ilizima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu mwaka 2013, Mbeya ikiwemo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Azam TV ikaanza, na madishi yakaongezeka juu ya mabati, na vibanda umiza vikajaa wapenzi wa mpira. Sasa ikazuka hoja ambayo husikika hadi leo: dijitali ni moja au sifuri, ama inafika ama haifiki, basi waya wowote unaoonyesha picha ni waya mzuri. Nusu ya kwanza ni kweli, hitimisho si kweli. Picha ya dijitali hubaki safi kabisa hadi ukingoni mwa uwezo wa waya, kisha huganda, hukatika vipande vya mraba au huzima ghafla. Waya unaoonyesha picha nzuri leo unaweza kuwa umebakiza nafasi ndogo sana kabla ya ukingo huo, na jua la Novemba, kutu kidogo kwenye kichwa cha koneksheni au televisheni mpya yenye picha kubwa zaidi vikatosha kuumaliza. Analojia ilikuwa inamlaumu fundi taratibu. Dijitali humnyamazia hadi siku ya fainali.

Waya unaosumbua zaidi katika jambo hili ni HDMI, na sababu yake iko katika kuzaliwa kwake. Desemba 2002 kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Panasonic, zilitangaza toleo la kwanza la kiungo hicho kwa ajili ya kuunganisha kifaa na televisheni vilivyo chumba kimoja. Hakikuigeuza picha kuwa umbo la safari. Hupeleka biti zote mbichi, juu ya jozi za nyaya zinazotakiwa kufika kwa wakati mmoja. Toleo la 2006 lilifikia gigabiti 10.2 kwa sekunde, la 2013 gigabiti 18, na la 2017 gigabiti 48. Kila moja kati ya hayo liliongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka, urefu unaokubalika hupungua. Waya wa kawaida wa HDMI wa shaba huaminika mita 5 hadi 10. Mnene uliotengenezwa vizuri huweza kufika 15 kwa picha ya kawaida ya HD, na kushindwa kwa picha ya 4K katika urefu uleule. Hapa ndipo watetezi wa unene wanapopata haki yao, kwa kuwa waya mnene wa HDMI kweli hufika mbali kuliko mwembamba. Ila unawapa mita chache tu, na bei hupanda kwa kasi kuliko mita. Kupakwa dhahabu kwenye vichwa hakuongezi hata nusu mita. Dhahabu huzuia kutu mahali pa kugusana, basi. Mwenye umbali wa mita 40 anayetafuta HDMI bora zaidi ya shaba anatafuta kitu ambacho waliokibuni hawakukikusudia.

Sasa turudi kwa waya wa dishi, ambao wengi huudharau kwa kuwa ni wa zamani. Ule wa daraja la RG-6 hupoteza takriban desibeli 20 kwa mita 100 kwenye masafa ya megahezi 1000. Kwa mita 50 ni desibeli 10, maana yake inabaki sehemu moja ya kumi ya nguvu. Husikika vibaya, lakini king'amuzi kimeundwa kupokea mawimbi dhaifu kuliko hayo na kuyasahihisha makosa yake, ndiyo maana mita 40 za waya huu si tatizo wakati mita 40 za HDMI ni ndoto. RG-59, ndugu yake mwembamba, hupoteza zaidi na haufai kwa mawimbi ya dishi yanayofika megahezi 2150. Zipo hila za soko za kujihadhari nazo. Waya nyingi za bei rahisi zina uzi wa katikati wa chuma uliopakwa shaba. Sumaku ndogo ya spika iliyoharibika huugundua mara moja, kwa kuwa shaba tupu haikamatwi. Picha yenyewe haijali sana, kwani mawimbi ya masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya uzi. Anayejali ni LNB, jicho la dishi, ambalo hulishwa umeme na king'amuzi kupitia waya huohuo: volti 13 kwa kundi moja la chaneli na 18 kwa jingine. Uzi wa chuma ukiwa mrefu mno, zile 18 hufika zimeshuka, jicho halibadiliki, na nusu ya chaneli hupotea wakati nusu nyingine ziko shwari. Fundi asiyejua hubadilisha LNB mara mbili kabla ya kuushuku waya.

Kyela ni wilaya ya tambarare chini ya milima ya Livingstone na ya Rungwe, na hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Takwimu hiyo ina uzito kwenye waya kuliko kwenye tangazo lolote la duka. Maji yakiingia kwenye kichwa cha koneksheni huzama taratibu katika wavu wa ganda, shaba hugeuka kijani, na upotevu huongezeka siku baada ya siku. Mtu huchanganya ugonjwa huu na mvua yenyewe, kwa sababu mvua kubwa pia huzuia mawimbi ya dishi angani. Tofauti ni rahisi: mvua ya angani hukata picha na kuirudisha ikipungua, waya uliolowa hubaki mgonjwa hata jua likiwa limewaka siku tatu. Kwa hiyo kabla ya waya kuingia ukutani lazima upewe mkunjo wa kwenda chini, maji yadondokee hapo, na koneksheni ya juu ifunikwe kwa utepe wa mpira. Radi nayo ni jambo la kuhesabu. Waya wa shaba unaopita nje kutoka nyumba moja kwenda nyingine huleta mshtuko wa radi moja kwa moja kwenye vifaa vya pande zote mbili, na dishi lisilounganishwa ardhini ni mwaliko. Kuchomoa wakati wa ngurumo bado ni ushauri bora kuliko kifaa chochote cha bei.

Kwa umbali unaozidi ule wa waya wa dishi, au kwa mtu anayetaka picha ileile ya HDMI ifike upande wa pili, teknolojia imerudia njia ya mwaka 1936. Mwaka 2010 kampuni nne, LG, Samsung, Sony na Valens, zilizindua mfumo unaoitwa HDBaseT unaoipeleka picha hadi mita 100 kwenye waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6. Sanduku la upande mmoja huigeuza picha, la upande wa pili huirudisha. Mengi ya namna hii hubeba pia ishara za rimoti, jambo linalosahaulika hadi mtu wa bandani atake kubadili chaneli na king'amuzi kiko sebuleni. Sharti ni waya wa shaba halisi. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba ukikwaruzwa kwa kisu huonyesha rangi ya fedha, na katika urefu huu haufai. Hatua ya juu zaidi ni faiba. Charles Kao alidokeza mwaka 1966 kwamba kioo safi kingeweza kubeba mwanga mbali, na kufikia mwaka 1970 watafiti wa Corning walipata kioo kinachopoteza desibeli 17 kwa kilomita. Leo hupoteza takriban 0.2. Ukilinganisha na desibeli 200 ambazo RG-6 ingepoteza kwa kilomita, kioo ni mara elfu moja bora katika kipimo hicho. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka uleule waya wa faiba wa chini ya bahari wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na ujenzi wa mtandao wa faiba wa nchi nzima, Mkongo wa Taifa, ulipoanza. Mkongo huo umefika mpaka wa Kasumulu, hapa hapa Kyela, na kuvuka kuelekea Malawi, katika pande zilezile ambako zamani simu iliwatenga watu wa kando mbili za ziwa. Waya za HDMI za faiba zinauzwa sasa kwa makumi ya mita, zikiwa na kigeuzi cha mwanga ndani ya kila kichwa. Zina upande wa kwanza na wa pili usiobadilishana, hazipendi kukunjwa pembe kali, na nyingi bado hubeba nyuzi nyembamba za shaba pembeni, kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba radi haiwezi kupita kabisa.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba simu ya mkononi na mawimbi ya hewani vimemaliza habari ya waya. Mnara unaoipa simu ile intaneti ya mpira wenyewe mara nyingi hulishwa na faiba, na ukosefu wa faiba huonekana haraka jioni ya mechi, kila mtu anapotazama kwa wakati mmoja. Kwa televisheni ya bandani, bando la saa mbili kila Jumamosi kwa mwaka mzima huweza kuzidi bei ya waya uliotandazwa mara moja. Wengine watasema masanduku na faiba ni vya matajiri. Hoja hiyo ina haki, na ndiyo inayoirudisha njia ya tatu niliyoitaja mwanzoni, ya bei ndogo kuliko zote: kukisogeza kifaa. LNB yenye matundu mawili na waya wa pili wa RG-6 hadi bandani huondoa kabisa haja ya kuvuta HDMI ndefu, ikiwa familia ina king'amuzi cha pili. Ikiwa kipo kimoja tu, kihamishwe kwenye nyumba yenye watazamaji wengi na HDMI ibaki fupi ya mita moja na nusu. Wajerumani wa Berlin hawakuwa na uwezo wa kuisogeza Leipzig, sisi tunaweza kuisogeza meza.

Basi hukumu ni hii. Hadi mita 10, HDMI ya shaba iliyotengenezwa vizuri inatosha, na bei ya kupindukia haina faida. Kutoka mita 10 hadi 50, vuta waya wa dishi wa RG-6 wenye uzi wa shaba tupu na uweke king'amuzi upande wa televisheni. Kama huwezi, tumia masanduku ya waya wa mtandao. Zaidi ya hapo, au palipo na 4K, ni faiba, au ni masanduku yaliyothibitishwa kwa urefu na picha unayoitaka. Nje ya nyumba kila njia izingatie mkunjo wa maji na waya wa ardhini. Mwenye duka anapokupa waya mnene zaidi, mwulize swali moja kabla ya kutoa fedha: picha inasafiri humo kwa umbo gani, na ni nani anaitia nguvu njiani? Akishindwa kujibu, tafuta fundi mwingine.